Hakuna Wino Ndani ya Kioo cha Simu

Katika vibanda vya mafundi simu mjini Lamu, kioo kilichopasuka na kuota doa jeusi husemwa kuwa "kimevuja wino". Imani hii ni ya miaka mingi, na inaeleweka, kwa kuwa doa lenyewe hutanda polepole kama wino kwenye karatasi. Hata hivyo, katika skrini za fuwele kimiminika (LCD), zinazotumika kwenye simu nyingi, hakuna wino wowote.

Kilichomo ni tabaka jembamba mno la umajimaji usio na weusi, ambao molekuli zake hujipanga kama za fuwele ilhali hutiririka kama mafuta. Mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer aliuona mwenendo huo mwaka 1888, pale dutu moja ilipoyeyuka kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa na ukungu, kisha ikatakata kabisa ilipofika nyuzi 178.5. Umajimaji huo hautoi mwanga. Taa iliyo nyuma yake ndiyo inayoangaza, na molekuli hugeuza mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi ya mwanga huo ili yapite, au yazuiwe, kati ya vichujio viwili, ambavyo kila kimoja hupitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja tu. Kioo kikivunjika, mpangilio huharibika, mwanga hukwama, nasi tunaona weusi.

Kwangu mimi, ukweli huu unapendeza kuliko hadithi ya wino, na unaweza kushuhudiwa: nahodha aliyevaa miwani ya kukata mng'ao wa bahari, ambayo nayo ni kichujio cha aina hiyo, akiizungusha simu yake taratibu pale gatini, huenda akaiona skrini ikififia hadi kuwa nyeusi, kisha ikarudi, bila tone lolote kuvuja.