Je, Wajua Kwa Nini Chozi wa Mlimani Hutoka Mweusi Kwenye Picha?

Juu kabisa ya Mlima Kenya, misitu ikishakwisha na malobelia makubwa, ile mimea mirefu ya milimani, kuanza, anaishi ndege aina ya chozi anayeitwa kitaalamu Nectarinia johnstoni. Utamkuta pia Kilimanjaro na Rwenzori. Dume ana mkia mrefu mwembamba na kijani cha kumetameta ambacho ukikiona mara moja hukisahau. Mpige picha, kisha uikuze kwenye skrini: mara nyingi utakuta ndege mweusi.

Lawama ya kwanza huangukia kamera. Mwanga ulikuwa hafifu, watu husema, basi ongeza mwanga kwenye programu ya kuhariri na kijani kitajitokeza. Hakijitokezi. Mawingu ya nyuma yanakuwa meupe pe, na ndege anageuka kutoka mweusi kuwa kijivu chenye ukahawia. Lawama ya pili ni kwamba huyo ni ndege mwingine kabisa, na wapo walioandika kwenye daftari zao aina mbili za chozi kumbe ni dume mmoja aliyegeuza shingo. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: imani kwamba kijani kimo ndani ya unyoya, kimetulia, kinasubiri kumulikwa.

Kwenye unyoya huo hakuna rangi ya kijani. Usage uone: unabaki na unga wa rangi nyeusi au kahawia. Hiyo ni melanini, ileile inayotia weusi nywele zetu.

Kijani hutokana na mpangilio. Ndani ya vinyuzi vidogo vya unyoya, chembe za melanini zimepangwa tabaka juu ya tabaka katikati ya keratini, protini ileile ya kucha zetu, na unene wa tabaka hizo hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu za bilioni za mita. Tazama povu la sabuni. Maji yake hayana rangi, sabuni yake haina rangi, lakini ngozi ya povu inacheza kijani, zambarau na dhahabu. Mwanga ukiipiga, sehemu yake hurudi kutoka uso wa juu na sehemu nyingine huzama kidogo, hugonga uso wa chini, ndipo hurudi. Sehemu hii ya pili imechelewa. Mawimbi ya mwanga ambayo vilele vyake vinakutana tena wakati wa kutoka hupeana nguvu. Yale ambayo kilele cha moja kinakutana na bonde la jingine huuana. Unene wa ngozi ndio unaoamua nani anasalimika. Povu linapokonda, rangi hubadilika, ingawa hakuna aliyeongeza chochote. Kwa chozi tabaka ni nyingi, kwa hiyo mchujo ni mkali zaidi, na kinachosalimika ni kijani, mawimbi yenye urefu wa nanometa 500 na kitu. Mwanga mwingine mwingi humezwa na melanini.

Sasa geuza kichwa cha ndege kidogo. Mwanga unapita tabaka kwa mshazari, hesabu ya kuchelewa inabadilika, na rangi huelekea kwenye bluu. Akizidi kugeuka, mwanga unaakisiwa kwenda kwingine, si kwenye lenzi yako. Kilichobaki kuonekana ni melanini tu.

Ndiyo maana saa sita mchana, karibu na ikweta, mambo huwa mabaya: jua liko utosini, ndege yuko juu ya lobelia, nawe uko chini ukitazama kifua. Asubuhi, jua likiwa chini na nyuma ya mgongo wako, uwezekano ni mzuri zaidi. Mawingu mepesi hupunguza makali ya mng'ao, lakini huueneza kwenye pembe nyingi.

Tahadhari: si kila kijani cha mlimani kiko hivi. Shorobo, ndege wa misitu iliyo chini ya makao ya chozi, ana rangi ya kijani ya kweli iitwayo turakovadini, na wekundu wa mabawani mwake ni rangi iitwayo turasini. Rangi zote mbili zina madini ya shaba. Huyo hata kivulini ni kijani, tatizo lake ni kukubali kutoka kwenye majani.

Chozi jike, kwa upande wake, ni kahawia. Hutoka vilevile kwa pembe yoyote na saa yoyote, na labda ndiyo sababu wapiga picha wachache sana humsumbua.