Kukariri itemu za zamani si kusoma kemia

"Nimeshika itemu zote za miaka 10, kemia imeisha." Kila EXETAT (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo) inapokaribia, maneno hayo yanazunguka Lubumbashi nzima, kuanzia Katuba hadi Kampemba. Mafinalisti wa biolojia-kemia wanatembea na fotokopi za itemu, yaani maswali ya kuchagua jibu, zenye swali na jibu lake, wanakariri "hii ni mia tano, ile ni mbili", na wazazi wanafurahi kwamba mtoto anasoma. Hasomi. Anakariri namba ambazo mtunga mtihani anaweza kuzigeuza kwa kubadilisha neno moja.

Chukua itemu hii: mililita ngapi za asidi HCl ya 0,1 mol/L zinatosha kumaliza mililita 250 za besi NaOH ya 0,2 mol/L, kusibaki asidi wala besi? NaOH ni 0,25 × 0,2 = 0,05 mol. HCl inakutana nayo moli kwa moli, kwa hiyo 0,05 ÷ 0,1 = 0,5 L, yaani mililita 500. Sasa toa HCl, weka H₂SO₄, na namba nyingine ziache kama zilivyo. Kila moli ya H₂SO₄ inatoa protoni mbili, hivyo 0,025 mol inatosha: mililita 250. Lakini 500 bado imo kati ya majibu matano, imewekwa pale kumngoja aliyekariri. Anaiona, anaitambua, anaichagua kwa furaha.

Fomula iliyokaririwa peke yake inaangusha watu palepale. Na × Va = Nb × Vb ni ya nomaliti (N), yaani moli za protoni ambazo kila lita ya asidi inatoa, au ambazo kila lita ya besi inapokea. H₂SO₄ ya 0,1 mol/L ni 0,2 N. Ukiingiza 0,1 unarudi kwenye 500.

Kinachosahaulika ni kwamba majibu mabaya hayaokotwi tu. Kila moja lina kosa lililolizaa. Gramu ngapi za NaOH (moli moja ina gramu 40, M = 40) zinahitajika kutengeneza mililita 250 za 0,2 mol/L? Majibu: 0,05; 2; 8; 32; 2000. Sahihi ni 2. Aliyeandika 0,05 amefika kwenye moli akasimama. 8 ni ya aliyesahau ujazo, 32 ya aliyegawanya kwa ujazo badala ya kuzidisha, na 2000 ya aliyeacha mililita bila kuzigeuza lita. (Kilo mbili za soda ndani ya robo lita! Angesoma tena jibu lake, angelikataa mwenyewe.)

Basi fotokopi usizitupe, ila zitumie hivi. Funika majibu. Andika mlinganyo na uusawazishe, geuza mililita kuwa lita, piga hesabu hadi mwisho, ndipo ufunue. Kisha, kando ya kila jibu baya, andika kosa linaloleta namba ile. Mwisho badilisha kitu kimoja tu, asidi au ujazo au ukolezi, na uipige upya. Itemu 5 kwa siku namna hiyo zinazidi 50 za kukariri, na hapa hakuna mjadala.

Jaribu na elektrolisisi. Mtoto wa mji wa shaba hana ruhusa ya kuikosa. Mkondo wa 9,65 A unapita sekunde 1000 katika myeyusho wa Cu²⁺. Chaji ni 9,65 × 1000 = 9650 C (kulombu), na kwa kuwa moli moja ya elektroni ni 96 500 C, hiyo ni 0,1 mol ya elektroni. Kila ioni ya shaba inachukua elektroni mbili, kwa hiyo 0,05 mol × 63,5 (gramu za moli moja ya shaba) = 3,175 g. Ukiona 6,35 kwenye majibu, unajua tayari nani anangojewa pale: aliyesahau kwamba elektroni ni mbili.

Kuna misemo mingine inayozunguka, ipime pia. "HCl ya 10⁻⁸ mol/L ina pH 8." Haiwezekani: pH inayozidi 7 ni ya besi. Asidi haigeuki besi kwa kuongezewa maji. Katika ukolezi mdogo hivyo, protoni za maji yenyewe lazima zihesabiwe, na pH inakuwa karibu 6,98. Ukilisahau hesabu lenyewe, angalau kataa kila jibu linalozidi 7.

"Usipojua, weka C." Herufi haijui kemia. Kwanza ondoa yasiyowezekana: vipimo visivyolingana, uzito unaozidi jumla ya vitu vyote ulivyoanza navyo. Kubahatisha kati ya 5 ni nafasi 20%. Kati ya 2 zilizobaki ni 50%.

"Jibu la kwanza haliguswi." Uchunguzi wa karatasi za wanafunzi umeonyesha mara nyingi kinyume: wanaobadilisha jibu hutoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi zaidi kuliko wanavyoharibu. Ukirudia hesabu ukakuta ulisahau ile 2 ya H₂SO₄, futa vizuri, weka jibu jipya. Ukiwa na woga tu bila kosa ulilolikuta, liache.