Je, wajua kwa nini mbwa wa guka hakujali TV lakini mbwa wa siku hizi anabwekea nyumbu?

Jumapili moja tulikuwa kwa siz yangu Kasarani, tumeshiba chapo na kuku, kwenye TV kuna zile dokumentari za nyumbu wakivuka Mto Mara, mara mbwa wao akachomoka chini ya meza akabweka mpaka chai ya shemeji ikamwagika. Mbwa anaitwa Biskuti. Na si ati alikuwa anabwekea kelele tu, hapana, alichagua nyumbu mmoja akamfuata kwa macho kutoka kushoto hadi kulia, na nyumbu alipotoka kwenye skrini Biskuti akazunguka nyuma ya TV kumtafuta. Akapata dikoda na waya. Akarudi na uso wa mtu aliyeibiwa.

Hapo ndio swali likaanza, juu mimi na siz tulikulia kwa guka Dagoretti na kulikuwa na mbwa anaitwa Tomi, na Tomi hakuwahi kushughulika na TV hata siku moja. Guka alikuwa na Great Wall ya inchi 14, ile isiyo na rangi, inatumia betri ya gari ambayo lazima mtu aipeleke sentani kuchajiwa, saa ya mieleka nyumba inajaa watoto wa majirani mpaka dirishani, na Tomi amelala mlangoni ametupa mgongo. Sasa ni mbwa wamebadilika ama ni TV?

Nikajibu haraka, kwa ile sauti ya mtu anayejua. Nikasema mbwa huona nyeusi na nyeupe tu, hilo linajulikana, TV za siku hizi ni kali sana ndio maana hata yeye ameanza kuona kitu. Siz akaniangalia. "Na TV ya guka ilikuwa ya rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Maana kama mbwa kweli huona nyeusi na nyeupe, basi Great Wall ya guka ilitengenezewa Tomi kabisa, hakuna kitu alikuwa anakosa, sisi ndio tulikuwa tunapunjwa.

Kumbe hiyo ya nyeusi na nyeupe si kweli, na imerudiwa miaka mingi sana na watu wenye uhakika kama wangu. Ndani ya jicho kuna seli zinazoshughulikia rangi, binadamu wengi tuna aina 3, mbwa ana aina 2. Mbili si sifuri. Mwaka wa 1989 mtafiti Jay Neitz na wenzake huko California waliwapima mbwa 3, na njia waliyotumia naipenda kwa sababu hata mtoto wa nasari angeielewa: vioo vitatu vinawaka, kimoja kina rangi tofauti na vile vingine, mbwa akikigusa hicho kwa pua anapata kitu cha kula. Ukirudia hivyo mara nyingi sana unajua ni rangi gani anatofautisha na gani anabahatisha. Ikatoka kwamba bluu anaiona vizuri, manjano anaiona vizuri, shida ni nyekundu na kijani, hizo kwake zinaangukia upande mmoja wa manjano na kahawia iliyochoka. Kuna binadamu wanaona karibu hivyohivyo, wengi wao wanaume, na wanaendesha gari na kununua nyanya na maisha yanaendelea.

Shemeji, ambaye ni Ingwe damu, alifurahia hii sehemu kuliko ilivyostahili. Alitaka nirudie mara mbili kwamba kwenye Mashemeji Derby mbwa angeona jezi ya bluu ya AFC Leopards imesimama wazi, halafu kijani cha Gor Mahia kingemezwa na nyasi. Nikamwambia mbwa haangalii jezi, anaangalia kinachokimbia. Hakusikia hiyo ya pili. Lakini kitu kimoja cha maana kinatoka hapo, ule mpira mwekundu unaomnunulia mbwa ukidhani utaonekana vizuri kwenye majani, kwake ni kahawia juu ya kahawia, anaupata kwa pua na kwa kuona ukidunda. Mnunulie wa bluu.

Anyway, turudi. Rangi haielezi chochote kuhusu Biskuti, juu nyumbu mwenyewe ni wa kijivu akikimbia kwenye vumbi la kahawia, hiyo ni karibu Great Wall tupu. Kinachoeleza ni kumetameta.

Kama ulikulia mahali penye jiko la kuni unakumbuka huu mchezo: unachukua kijinga cha moto usiku, kile chenye ncha nyekundu, unakizungusha kwa mkono. Ukizungusha polepole unaona nukta inatembea. Ukiongeza kasi, ghafla nukta inapotea na unaona duara zima la moto limening'inia gizani (halafu shosho anatokea anakuuliza kama unataka kuchoma nyumba). Duara halipo, ni nukta moja tu inayokimbia, lakini kabla jicho lako halijasahau ilipokuwa imesharudi palepale. Jicho ni zito kidogo, na huo uzito ndio unaounganisha vipande.

TV ya kichogo, kama ile ya guka, ilikuwa kijinga cha moto kabisa. Nyuma ya kioo kuna mshale wa elektroni unaochora picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na kila mahali unapopita panang'aa kidogo halafu panafifia kabla haujarudi. Huku kwetu ulirudi mara 50 kwa sekunde. Kwa jicho la binadamu 50 inatosha duara kufunga, labda ukitazama kwa pembe ya jicho ndio unaona inatetemeka. Sasa jicho la mbwa ni jepesi kuliko letu, halichelewi kusahau. Mwaka huohuo wa 1989 kuna watafiti wengine waliwapima mbwa aina ya beagle wakaona wanaendelea kutambua mwanga unaowaka na kuzima hata ukipita mara 70 kwa sekunde. Kwa hivyo pale sisi tulipoona mieleka, Tomi aliona mieleka ndani ya disko, taa inapigapiga, watu wanatokea na kupotea. Mimi pia ningetupa mgongo.

Skrini za siku hizi hazichori hivyo. Taa ya nyuma inawaka na kubaki inawaka, kinachobadilika ni picha iliyo mbele yake. Ni kama kuacha kuzungusha kijinga na kuwasha balbu, halafu mtu anabadilisha michoro mbele ya balbu bila kuizima. Zingine zikipunguzwa mwangaza huwa zinazimika na kuwaka kisirisiri, lakini kawaida ni mamia ya mara kwa sekunde, huko hata mbwa hafiki. Shemeji alikuwa ameshikilia kwamba ni ile digital migration ya 2015 ndio ilileta hii maneno, kwa hivyo niseme pia: hapana. Ungeunganisha dikoda na TV ya kichogo, ingemetameta vilevile tu. Dikoda inaleta picha, haichori.

Ila nisije nikatoka kosa moja nikaingia lingine, hapa pana mashimo. Kuona kumetameta si sawa na kutoona picha, hata sisi kwenye disko tunatambua nani anacheza vibaya, na kuna watu wanaapa mbwa wao wa zamani waliangalia TV ya kichogo bila shida. Pia mwanga ukiwa hafifu jicho linazidi kuwa zito, na Great Wall betri ikiisha nguvu ilikuwa hafifu kweli, inabaki picha ndogo katikati kama stempu. Kwa hivyo kumetameta ni sababu nzuri, sidhani ni sababu yote. Ukubwa unahesabika: kitu unachokiona vizuri ukiwa mita 23 mbwa anahitaji asogee hadi kama mita 6, sasa mpe inchi 14 kutoka mlangoni uone atapata nini. Na kuna tabia ya mbwa mwenyewe. Mwaka wa 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn huko Marekani walichapisha majibu ya wenye mbwa 453, na kilichowashtua mbwa zaidi kwenye skrini ni wanyama wengine, huku wale waoga wakishtuliwa zaidi na vitu kama kengele ya mlango. Hayo ni maneno ya wenye mbwa lakini, hakuna aliyemhoji mbwa.

Halafu kuna kitu kimoja nilikuwa nimesahau mpaka siz akakitaja. TV ya guka ilikuwa inalia. Si spika, ni ile sauti nyembamba kama ya mbu, ukiwa mtoto unajua TV imewashwa hata kama uko nje kwa choo na sauti imefungwa kabisa, na ukimwambia guka anasema hakuna kitu. Hatukuwa tunaota. Hizo TV zilichora mistari 15,625 kwa sekunde na mashine iliyoendesha huo mshale ililia kwa kiwango hichohicho, juu kabisa ambapo mtoto anasikia na mzee ameshapoteza. Mbwa anasikia juu zaidi ya hapo, mpaka sauti inayotetemeka kama mara 45,000 kwa sekunde. Kama ilimkera Tomi siwezi kuapa. Lakini alilala mlangoni, si kando ya TV, na kando ya TV ndiko kulikuwa na jiko.

Nikampigia guka jioni hiyo kumwelezea yote, taa, mshale, mbu. Alisikiliza vizuri, simu ilikuwa kwa spika nikasikia shosho akicheka. Miaka yote guka alikuwa anatuambia Tomi haangalii TV kwa sababu ana adabu kutushinda.

"Kwa hivyo unasema alikuwa anaona taa tu."

"Taa na watu, guka. Zikipigapiga."

"Na wewe ulikuwa unaona nini?"

"Mieleka."

"Basi," akasema, "bado ni adabu," akakata.