Katuni za meli jitu ya enzi ya Victoria: ipi chumvi, ipi chuma

Mtu akikutana leo na katuni ya kale ya Kiingereza inayoikejeli Great Eastern, meli ya mvuke iliyoundwa Millwall, kando ya mto Thames, hudhani kila kisichoaminika mle ndani kimetiwa chumvi. Mara nyingi ni kinyume. Ukubwa ulikuwa wa kweli. Chumvi ilitiwa kwenye watu.

"Dohani tano na milingoti sita ni masihara ya mchoraji"

Hesabu kwanza, ucheke baadaye. Mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel aliipa meli hii dohani tano, milingoti sita, magurudumu mawili ya makasia mbavuni, kila moja kipenyo cha mita 17, na tezini rafadha ya mita 7.3. Urefu wake ulikuwa mita 211, na ujazo wake tani 18,915. Persia, meli ya kampuni ya Cunard, iliyoanza safari mwaka 1856 na kuhesabiwa kubwa kweli kweli, ilikuwa na tani zipatazo 3,300. Hakuna meli iliyoipita Great Eastern kwa urefu hadi Oceanic ya mwaka 1899.

Wala haikuwa majivuno matupu. Ukizidisha vipimo vya meli mara mbili, nafasi ya ndani huongezeka mara nane, lakini eneo linalosuguana na maji huongezeka mara nne tu. Kwa hiyo meli ikikua, nafasi ya makaa huongezeka haraka kuliko nguvu inayohitajika kuisukuma. Brunel alitaka chombo kinachoweza kuizunguka Afrika kwenda Mashariki bila kusimama kujaza makaa, maana makaa ya vituo vya njiani nayo yalipaswa kuletwa kwa meli, kwa gharama kubwa. Hesabu yake ya kimitambo ilikuwa sahihi. Iliyokosea ni ya biashara: abiria wa kuijaza, watu 4,000, hawakupatikana. Safari ya kwanza kwenda New York, Juni 1860, ilikuwa na abiria wa kulipa wasiofika hamsini.

"Leviathan ni meli nyingine"

Ni ile ile. Ilibatizwa Leviathan tarehe 3 Novemba 1857, jina Great Eastern likashika baadaye. Lakini jina peke yake halitoshi kukisia mwaka wa mchoro, kwa kuwa magazeti yaliliita Leviathan jitu hilo hata kabla ya ubatizo. Tazama dohani. Mwaka 1865 moja iliondolewa pamoja na baadhi ya matanuri ya mvuke ili kupata nafasi ya matangi ya waya wa telegrafu, ambao meli ilikwenda kuulaza chini ya bahari. Katuni yenye waya wa baharini na dohani tano inakuambia mchoraji alinakili picha ya zamani, na walikuwa wengi waliochora bila kwenda bandarini.

Ukiona mstari mwembamba mweupe unaokata anga na meli kwa unyoofu, usidhani karatasi ilikunjwa. Michoro mikubwa ya magazeti ilichongwa kwenye vipande vidogo vya mbao ngumu vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Vikilegea, kiungo huacha ufa usioshika wino.

"Ilikwama siku ya kushushwa kwa sababu tu ilikuwa nzito"

Uzito ulichangia, lakini tatizo lilikuwa msuguano. Meli ilikuwa ndefu mno kushushwa kwa tezi mtoni, ikapangwa iteremke kwa ubavu juu ya vitanda viwili, kwenye mteremko wa 1 kwa 12. Chini ya vitanda kulikuwa na vyuma, na vyuma hivyo vilipaswa kuteleza juu ya reli za chuma. Chini ya mzigo ule, chuma kilikamata chuma. Siku ya kwanza kitanda cha upande wa tezi kilisogea ghafla, mikono ya winchi ikazunguka kinyume na kuwarusha wafanyakazi. Wengine walijeruhiwa, na kifo kikatokea. Brunel alikuwa ametaka kimya ili amri zake zisikike, ilhali kampuni ilikuwa imewauzia watu tiketi waje kutazama. Hapo ndipo wachora katuni walipopata chakula. Ilibidi jeki za maji ziongezwe wiki baada ya wiki, minyororo ikikatika, hadi ilipoelea tarehe 31 Januari 1858.

"Mlipuko wa 1859 ulikuwa wa tanuri la mvuke"

Kilicholipuka ni koti la maji lililozunguka dohani ya mbele, la kupasha maji kabla hayajaingia matanurini. Valvu yake ilikuwa imefungwa. Mvuke ukakosa pa kutokea. Wachochea moto kadhaa waliungua hadi kufa. Brunel, aliyekuwa mgonjwa tayari, alifariki siku chache baadaye, tarehe 15 Septemba.

Na ng'ombe aliyeangukia sebuleni mwa abiria? Hilo nalo lilitokea: katika dhoruba ya Septemba 1861, iliyong'oa magurudumu na kuvunja usukani, ng'ombe wa sitahani alitumbukia kupitia kioo cha paa.

"Ilizama"

Kamwe. Agosti 1862 mwamba karibu na Montauk, pwani ya New York, uliichana kama mita 25, lakini ilikuwa na ngozi mbili za chuma zilizoachana sentimita 86, na ya ndani haikuvuja. Kwa kuwa hapakuwa na gudi la kuitosha, mafundi walijenga sanduku la mbao juu ya jeraha, wakalinyonya maji, wakafanyia kazi humo. Kisa cha mifupa ya fundi iliyokutwa kati ya ngozi hizo wakati wa kuivunja kinatoka kwenye simulizi za baadaye, na mimi sikiamini: mifupa ya mtu ingeleta polisi na magazeti.

Ilipata kazi yake kwenye waya wa telegrafu. Mwaka 1866 iliunganisha Valentia, Ireland, na Newfoundland. Mwaka 1870 ikalaza waya wa Bombay hadi Aden, na kutoka Aden meli nyingine zikaufikisha Zanzibar mwaka 1879. Ilivunjwa kwenye mto Mersey kuanzia 1889. Kipande cha mlingoti wake kingali kimesimama: ni nguzo ya bendera ya uwanja wa Anfield, Liverpool.