Kafungiwa kuruka na nani?

Abiria akimpiga mhudumu ndani ya ndege, kesho yake mitandaoni utasoma kwamba "hatapanda ndege tena maisha". Si hivyo. Orodha ya abiria waliofungiwa ni kumbukumbu ya shirika husika tu: majina ya watu ambao halitawauzia tiketi kwa muda fulani au milele. Shirika la jirani huenda halina habari nao.

Kinachowachanganya wengi ni orodha nyingine kabisa, ile ya serikali ya Marekani. Hiyo hutunzwa na kitengo kilicho chini ya FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, na TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri, ndiyo hulinganisha majina kabla ya safari. Inahusu ugaidi. Mlevi aliyekataa kufunga mkanda hayumo, hata angetukana ndege nzima. Ndiyo maana Februari 2022 mkuu wa shirika la ndege la Delta, Ed Bastian, aliiandikia Wizara ya Sheria ya Marekani akiomba orodha ya kitaifa ya waliotiwa hatiani kwa vurugu angani. Miezi michache kabla, Delta ilikuwa imeyaomba mashirika mengine yapeane majina.

Kupeana majina kuna mitego. Washindani wakikubaliana kumnyima mtu huduma, wanagusa sheria za ushindani. Jina likifanana na la mtu mwingine, anazuiwa asiyehusika. Na sheria za taarifa binafsi hudai sababu na kikomo. Mashirika ya Uholanzi, KLM na Transavia, yalianza kupeana mwaka 2023, lakini hao ni ndugu wa kundi moja, na adhabu yao ni miaka 5.

India ilijaribu kuweka utaratibu mwaka 2017. Kamati ya shirika, chini ya jaji mstaafu, huamua ndani ya siku 30: matusi hadi miezi 3, kushika au kusukuma hadi miezi 6, kuhatarisha maisha miaka 2 au zaidi. Jina hupelekwa kwa mdhibiti wa usafiri wa anga, DGCA, ila mashirika mengine hayalazimiki kulifuata. Mwaka 2020 shirika la IndiGo lilimfungia mchekeshaji mmoja, na mengine yakafuata mkumbo hata kabla kamati haijaamua. Hapo ndipo malalamiko yalipoanza, na kwa haki.

Kwa hiyo ukiandika "kafungiwa", ongeza nani kamfungia na kwa muda gani. Naye akitaka kukata rufaa, aanze na shirika lililomfungia. Dawati la malalamiko la serikali ya Marekani halina uwezo wa kulifuta jina lililo kwenye orodha ya shirika.