Je, wajua akili unde huijaribuje API ambayo yenyewe haiwezi kuigusa?

Nahodha anayepitisha chombo katika mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa, hatosheki na rangi ya maji. Humwambia baharia achomeke upondo, kisha huamua kwa kipimo atakachoambiwa. Msaidizi wa akili unde anapojaribu API hufanya vivyo hivyo: upondo haumo mkononi mwake.

Peke yake, msaidizi huyo ni mtunzi wa maneno tu. Ukimwuliza iwapo mfumo wako wa kukata tiketi za boti kati ya gati la Lamu na uwanja wa ndege wa Manda unafanya kazi, atakujibu kwa ufasaha kutokana na aliyofunzwa, ilhali seva yako hajaibisha hodi hata mara moja. API ndiyo mlango wa seva hiyo: programu ya simu hutuma ombi, na seva hurudisha jibu lenye namba, kama vile 201 kwa kilichoundwa, 401 kwa asiyejitambulisha, 404 kwa kisichopatikana na 500 seva yenyewe inapokwama. Zana kama Postman hutuma maombi ya aina hiyo na kulinganisha kila jibu na lile lililotarajiwa.

Kinachomwunganisha msaidizi na zana hiyo, mara nyingi, ni itifaki (kanuni za mawasiliano) ya Model Context Protocol, yaani MCP, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024. Seva ndogo ya MCP huwekwa kando ya zana ya majaribio na kutoa orodha ya kazi inazoziweza, kila kazi ikiwa na jina, maelezo na vigezo vyake. Msaidizi husoma orodha hiyo, kisha huandika kwamba anataka kazi fulani ifanywe kwa vigezo fulani. Programu anamoendeshwa ndiyo inayolipeleka agizo, zana hutuma ombi halisi, na matokeo huingizwa katika mazungumzo ili ayasome.

Chukua boti iliyobakiwa na kiti kimoja. Jaribio linatuma maombi mawili kwa wakati mmoja, kila moja likitaka kiti hicho. Linatarajia moja lipate 201 na jingine 409, yaani mgongano. Yote mawili yakirudi na 201, abiria wawili wameuziwa kiti kimoja. Msaidizi aliyeruhusiwa kusoma msimbo wa seva, yaani maagizo yanayoiendesha, anaweza kugundua kwamba seva hukagua kwanza kama kiti ni kitupu, kisha hukiandika kwa hatua ya pili, na kwamba ombi la pili lilipenya katikati ya hatua hizo. Hapo atapendekeza hifadhidata iwekewe sharti kwamba safari moja na namba moja ya kiti visiandikwe mara mbili, halafu ataomba jaribio lirudiwe. Kwa maoni yangu, kurudia huku ndiko kunakoupa muunganisho huu thamani, kwa sababu pendekezo hupata jibu la seva papo hapo badala ya kubaki dhana.

Hata hivyo, hukumu ya kufaulu au kufeli haina budi kubaki kwa jaribio. Msaidizi aliyeambiwa tu ahakikishe majaribio yote yanapita anaweza kuibadilisha 409 iliyotarajiwa iwe 201, na kila kitu kikaonekana shwari huku kosa likiwa palepale. Ndiyo maana ni busara aruhusiwe kuyasoma mafaili ya majaribio bila kuyahariri, hasa pale anapoaminiwa kurekebisha msimbo.

Vilevile, ombi analoliagiza si la kuigiza: likiwa la kufuta, safari hufutika kweli. Kwa hiyo zana huelekezwa kwenye seva ya majaribio, ikiwa na funguo zisizofika kwenye data za abiria halisi. Malipo nayo yana mahali pake, kwani Daraja, mfumo wa API za M-Pesa, una mazingira ya majaribio ambamo malipo ya nauli ya kwenda Manda yanaweza kujaribiwa kabla ya mfumo kufunguliwa kwa abiria.