Maji ya kiwanda cha chakula na majitaka yake: tunayoaminishwa na ukweli wenyewe

Nimeanza kazi ya viwanda vya chakula kwenye usafi, zamu ya usiku, mpira wa maji mkononi na gamboti mguuni, alafu nikahamia uzalishaji na sa hivi kazi yangu ni maji na majitaka. Kinachoniuma ni kwamba maneno niliyoambiwa usiku wa kwanza bado nayasikia yakiambiwa vijana wapya, neno kwa neno, na mengi sio kweli. Ngoja niyaseme moja moja, nitakaa zaidi pale panaponikera zaidi.

"Usafi ni maji mengi"

Hili ndo linaongoza. Mtu anafungua mpira anaanza kusukuma vipande vya nyama, maganda, unga, rojo la matunda, vyote kuelekea mtaroni, na sakafu inang'aa kweli, ila uchafu haujatoka kiwandani, umehamishwa tu. Tena umeharibiwa zaidi, maana kipande kikishaloweka na kupigwa na maji kinameguka, sukari na protini zinayeyuka, na kilichoyeyuka hakuna wavu wala chujio litakalokishika. Kitu ambacho ungekizoa kwa koleo dakika mbili kikaenda kwenye mboji au chakula cha mifugo, sasa inabidi kitafutiwe tanki, pampu na umeme wa kukitoa ndani ya maji. Kwa hiyo kwangua kwanza, fagia, zoa, ndo mpira ufunguliwe.

Na presha kubwa nayo ina shida yake. Kuna bakteria anaitwa Listeria, anapenda sana mitaro ya sakafuni na sehemu zenye unyevu, na baridi ya friji haimzuii kukua. Ukiupiga mtaro kwa mpira wa presha, yale matone madogo madogo yanaruka juu yanaenda kutua kwenye mkanda au meza uliyoimaliza kuosha sasa hivi, na hapo umewasambaza kwa mikono yako mwenyewe. Mtaro unasuguliwa kwa brashi yake, isiyogusa kitu kingine chochote.

Maji ya moto pia watu wanayaamini kupita kiasi. Kwenye maziwa au damu, ukianza na maji ya moto sana protini inapikwa palepale inashika ukutani mwa tanki, unakuja kutumia sabuni na maji mara mbili kuibandua. Suuza ya kwanza iwe vuguvugu, nyuzi 40 hivi, moto unakuja baadaye pamoja na kostiki, ile dawa kali ya alkali ya kuoshea matanki na mabomba.

Fanya hili jaribio leo hii, halihitaji injinia: chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, jaza kwa ule mpira mnaotumia kila siku. Ikijaa kwa sekunde 30 basi mpira huo unatoa lita 40 kwa dakika, yaani lita 2,400 kwa saa, na wewe unajua kabisa ni mara ngapi unauona umelala sakafuni unatiririka kwa sababu mwenye kuushika kaenda kusogeza toroli. Kichwa cha kubonyeza, kile kinachojifunga ukiachia mkono, kinamaliza tatizo hilo siku hiyohiyo.

"Ni chakula tu, sio sumu"

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hili limeua mito mingi, na wanaolisema ni watu wema kabisa ambao hawana nia mbaya. Wanafikiri kama binadamu anakunywa maziwa basi mto hauwezi kudhurika na maziwa.

Mto haudhuriki kwa sumu hapo, unadhurika kwa kukosa pumzi. Bakteria wa majini wakipata sukari, mafuta na protini wanakula na kuzaana, na wakati wanakula wanavuta oksijeni iliyo ndani ya maji, ileile ambayo samaki anaitegemea. Ndo maana majitaka tunayapima kwa kitu kinaitwa BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu watahitaji kumeng'enya uchafu uliomo, kwa kawaida sampuli inakaa siku 5 kwenye nyuzi 20. Majitaka ya kawaida ya majumbani yana BOD ya kama miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Maziwa yenyewe, maziwa mazuri kabisa ya kunywa, ni kama miligramu 100,000 kwa lita. Damu inapita hapo.

Sasa piga hesabu nami. Maji safi ya mto kwenye nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 tu kwa lita. Lita moja ya maziwa inataka miligramu 100,000. Kwa hiyo lita moja uliyoimwaga ina uwezo wa kumaliza oksijeni ya maji kama lita 11,000. Lita moja! Na mimi nimeona watu wakifungua koki ya chini ya tanki wanaachia zote zilizobaki kwa sababu zamu imeisha na gari la maziwa mapya limefika.

Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, shehena ya maziwa yaliyochacha ilimwagwa usiku kwenye mtaro wa mvua, sio hata wa majitaka. Kesho yake mchana nikashuka kwenye kijito kule nyuma, maji yamekuwa ya kijivu, na samaki wako juu kabisa midomo wazi wanatafuta hewa, wengine tayari wamegeuza matumbo. Sijawahi kuisahau ile picha. Na hapo hapo niongeze, mtaro wa mvua haupiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha, unaenda mtoni moja kwa moja, kwa hiyo kila mfanyakazi ajue mtaro upi ni upi, upakwe rangi hata ya mkono.

Ndugu yake dhana hii ni ile ya "maji yakiwa meupe ni safi". Sukari ikiyeyuka huioni, lakini kilo moja yake inahitaji oksijeni kilo 1.1 hivi kuimaliza. Suuza za tanki la juisi au sharubati zinaweza kuwa angavu kama maji ya kunywa na bado ni mzigo mzito kuliko maji meusi ya kuosha mizizi yenye udongo, ambao udongo ungetuama chini wenyewe.

Kwa hiyo bidhaa iliyobaki kwenye tanki na mabomba ichuruzwe mpaka tone la mwisho, upe dakika zake, sukuma kwa hewa au kwa kile kidude cha mpira kinachopita ndani ya bomba, suuza ya kwanza ile nzito uikusanye pembeni.

"Kipimo kimekataa? Ongeza maji"

Nimeona watu wazima na vyeo vyao wakifungua bomba la maji safi kwenye chemba ya mwisho siku mkaguzi anakuja. Kiwanda kinachotoa mita za ujazo 50 kwa siku zenye BOD miligramu 2,000 kwa lita kinapeleka kilo 100. Ukiongeza maji zikawa mita 100, kipimo kitasoma 1,000, mzigo ni kilo zilezile 100, na umepoteza mita 50 za maji ya kunywa. Nchi nyingi zinakataza hili wazi. Mbaya zaidi, kama maji hayo yanapita kwenye mtambo umeyapunguzia muda wa kukaa ndani, bakteria wanaofanya kazi ya kula uchafu humo wanasombwa wanatoka nao nje.

Kuna upande wa pili ambao watu hawaambiwi ukweli wake: ukianza kubana maji vizuri, namba ya BOD kwa lita inaweza kupanda, wakati kilo jumla zimeshuka. Usiogope, na usirudi kufungua bomba. Andika kilo kwa siku, na wakaguzi waelezwe mapema kwa karatasi yenye hesabu.

"Mtego wa mafuta upo, tumemaliza"

Mtego unafanya kazi moja tu, kuyapa maji utulivu ili mafuta yapande juu. Ukiujaza maji ya moto na sabuni, mafuta yanavunjika vipande vidogo visivyoonekana, yanapita chini kama hayapo, alafu mbele kule bomba likipoa yanaganda. Niliwahi kufungua chemba hatua 30 kutoka kwenye mtego tuliokuwa tunajisifia nao, ndani kulikuwa na tabaka jeupe gumu kama mshumaa, limebaki tundu la kupitisha ngumi tu. Na mtego usiochotwa kwa ratiba ni shimo tu lililojaa mafuta. Zile dawa za kuyeyusha mafuta, nyingi zinayahamishia tu mbele.

"Kama panatoa harufu, mwaga klorini"

Harufu ya mayai viza maana yake maji yamekaa bila oksijeni na yanaoza. Klorini haiondoi kilichooza, inapambana nacho na kuisha, njiani inatengeneza kemikali nyingine zisizofaa, na ikifika kwenye tanki la bakteria inawaua haohao unaowategemea. Tafuta ni wapi maji yanalala, sakafu ya mtaro imebonyea wapi, tanki lina tope kiasi gani, hewa inaingia au kipuliza kimekufa. Na klorini isikutane kabisa na asidi ya kuoshea mabomba, inatoka gesi ya kuua, iwe ndani ya ndoo au ndani ya mtaro.

Kwa habari ya asidi na kostiki, wengine wanasema zitajimaliza zenyewe njiani. Zikipitia tanki la kusawazisha lenye ukubwa wa kutosha zinasaidiana kweli, ila bila tanki hilo ni mshtuko wa pH (kipimo cha uasidi, 7 ndo katikati) 12 asubuhi na pH 3 mchana, na hakuna bakteria atakayevumilia. Sehemu nyingi wanataka maji yatoke kati ya 6 na 9.

"Maji yakishatumika hayarudi kwenye chakula"

Na kuna kundi lingine linasema ukishayachuja yanafaa popote. Wote wamekosea. Codex Alimentarius, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, walitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2023, na msingi wake ni kwamba maji yafae kwa kazi yanayopewa, yaani unaangalia hatari kwa kila matumizi. Maji ya suuza ya mwisho ya leo yanaweza kuwa suuza ya kwanza ya mzunguko unaofuata, yakitunzwa kwenye tanki safi na yasikae muda mrefu. Mvuke uliopoa ukawa maji unarudi kwenye boila na joto lake. Ila maji yaliyotoka kwenye mtambo wa majitaka usiyapeleke mahali pa kugusa chakula bila usafishaji wa hali ya juu na vipimo vya kila mara, na mabomba yake yawe rangi tofauti, yasiungane popote na ya maji ya kunywa. Hapa sina mzaha kabisa.

"Mtambo wa majitaka ni pesa ya kutupa"

Miaka ya 1970 huko Uholanzi, Gatze Lettinga na wenzake walitengeneza tanki ambamo maji machafu yanaingia kwa chini yanapanda taratibu kupita kwenye blanketi la tope lenye bakteria wasiotumia hewa, wakalijaribu kwa majitaka ya kiwanda cha sukari. Tanki hilo, UASB, sasa liko kwenye viwanda vya vinywaji na vyakula dunia nzima, kwa sababu halihitaji kupulizwa hewa na linatoa gesi ya kuwasha boila, yaani methani. Kinadharia kila kilo ya COD inayoondolewa, COD ni ndugu ya BOD inayopimwa kwa kemikali kwa saa mbili hivi, inatoa methani lita 350. Halimalizi kila kitu: nitrojeni na fosforasi zinabaki, na chumvi haiondolewi na bakteria yeyote, kwa hiyo wenye maji ya kuhifadhia kachumbari za chupa au samaki wa chumvi wasidhani kumwagilia shamba ni suluhisho, ile sodiamu inaharibu udongo.

Na tafadhali, gesi ya mayai viza ikizidi pua haiisikii tena. Mtu anadhani harufu imeisha kumbe imemlevya pua. Watu wamekufa wawili watatu kwa mpigo, wa kwanza kaingia kwenye tanki kazimia, wa pili kaingia kumwokoa. Hakuna kuingia bila kipima gesi, feni ya hewa, kamba na mtu wa juu ambaye haingii hata iweje.

"Hayo ni mambo ya injinia"

Mara ya mwisho tulipokuta upotevu mkubwa aliyeugundua ni dada wa usafi. Tulikubaliana yeye asome mita akifunga kazi usiku, na mtu wa kwanza asubuhi aisome tena kabla hajafungua koki yoyote. Siku ya tatu namba ikawa imesogea mita za ujazo 6 wakati kiwanda kimelala. Ilikuwa valvu ya kujazia tanki la maji ya kupozea, boya lake limekwama, maji yanafurika kimyakimya kwenye bomba la ziada linaloingia chini ya sakafu, hakuna aliyewahi kuyaona. Fundi alilibadilisha boya kabla ya chai ya saa nne, na yule dada bado anasoma mita mpaka leo, ana daftari lake limening'inizwa kwa kamba ukutani pembeni ya pampu.